Wa Saba Hakuandikwa

Alinda,

Mstari uliouchora Jumapili una kosa, na kosa hilo ni langu. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua: ukiona barua ndefu unarukaruka kutafuta panapouma. Basi panapouma ni hapo, umeshapaona. Sasa tulia usome polepole, kama mtu aliyelelewa na mwalimu.

Sitakuambia uoge wala ule mapema. Wewe ni mwanamume wa miaka ishirini na mitatu, jeshi umepita, kazi ya kujitolea shuleni umefanya, na kama mpaka leo hujui kuchagua marafiki, karatasi haitakufundisha. Senene wako nimewafunga kwenye kopo, wako chini ya sweta la bluu, na barua hii nitaiweka chini ya senene ili nisiwe na wasiwasi kwamba hutaiona. Ningependa uisome basi likishapita Biharamulo. Kabla ya hapo unaweza kushuka ukarudi kunifokea, na mimi kwa sasa sina nguvu za kufokewa.

Ni saa tisa alasiri, Jumamosi. Wewe uko Kayanga unaaga wenzako, mvua inapiga bati, na mimi nimekaa pale pale nilipokaa Jumapili. Kalenda ya mwaka jana, ile uliyoigeuza ukachora nyuma yake, iko mbele yangu. Siku sita sasa unanipa shikamoo tu, na hiyo unaipitishia dirishani. Naipokea, maana sina nyingine.

Nikukumbushe ilivyokuwa, kwa kuwa kila mtu ana Jumapili yake. Tulikuwa tumetoka kanisani, ndizi zimeiva, kaka yako mkubwa Jovin amekuja na mkewe. Kaka yako Faustine akakutania: "Msomi, hiyo takwimu unayokwenda kuisomea Dodoma inaliwa na mboga gani?" Ukacheka, ukaomba penseli, ukaanza kutuchorea mstari wa idadi ya watu nchini. Ulianzia chini kushoto, zama za babu yako, watu wachache. Ukapandisha sensa moja baada ya nyingine mpaka ukafika hii ya juzi uliyoifanyia kazi mwenyewe. Hapo ukaacha mstari, ukaendelea kwa nukta. Ukasema nukta ni makadirio, hazijatokea bado, lakini kwa kasi hii ya ongezeko, siku wewe unastaafu nchi itakuwa na watu zaidi ya mara mbili ya waliopo. Jovin akatafuna, akasema Mungu atawalisha. Wewe ukasema, "Kaka, chukua kibanja chetu. Babu alikipata kizima. Baba akagawana na baba mdogo. Sasa sisi tumegawana wangapi?"

Uliuliza kwa kufundisha tu. Hukuwa na nia nyingine, nilikuona usoni.

Jovin akasema, "Watatu."

Ukaiweka penseli chini taratibu. Ukanigeukia mimi, si yeye. "Mama, mimi ni wa ngapi hapa?" Na mimi, niliyefundisha hesabu miaka thelathini na tano, nikasema, "Kula, chakula kinapoa."

Kesho yake uliniambia lile neno, umesimama mlangoni na ndoo mkononi. "Mtu ambaye hajapandiwa mlamula hapa ni mgeni tu, mama. Na mgeni huaga mara moja." Ukaenda zako kisimani. Kwa mti mmoja wa mlamula uliopandwa vibaya mpakani, huku kwetu ndugu wameacha kusalimiana mpaka wamezikana, kwa hiyo uzito nilioupata naujua. Ulikuwa unaniambia kwamba ukiondoka hurudi. Lakini kuna jambo hukulijua ulipokuwa unasema. Neno hilo, mgeni, ndilo lililokufuta mara ya kwanza.

Unayajua yale makaburi mawili madogo nyuma ya jiko, chini ya mbuni wa bibi yako. Unayapalilia kila mwaka na hujawahi kuniuliza zaidi ya majina. Kabla yako nilikuwa na watoto wanane. Siku moja mama mmoja wa afya alikuwa anapita nyumba kwa nyumba, akaniuliza nina watoto wangapi. Bibi yako alikuwa pembeni anamenya ndizi. Mwanamke mwingine yeyote wa hapa angejibu "Tupo tu," au "Mungu ametupa," na mambo yangeishia hapo. Mimi nilikuwa mwalimu, nimetoka chuo, najiona. Nikasema, "Wanane." Nikainua na vidole. Bibi yako akaacha kumenya. Akasema, "Abaana tibabarwa," watoto hawahesabiwi, akaokota beseni lake akaingia ndani. Nilimcheka. Kabla msimu wa kahawa haujaisha, Koleta na Gaudensi walikuwa chini ya mbuni ule, wiki mbili kati yao.

Ilikuwa malaria. Daktari aliniambia ni malaria na mimi mwenyewe nilijua ni malaria. Lakini nilikuwa nimeinua vidole. Bibi yako hakunisema hata siku moja, na ndiko kulikonimaliza. Angenisema ningemjibu, tungegombana, tungeyamaliza.

Ukazaliwa wewe, na mwaka huo huo ikaja sensa. Walimu tukachukuliwa kuwa makarani. Mimi nilipewa nyumba hizi hizi unazozijua, kwa hiyo siku ya pili ya kazi nikafika kwangu. Nikapiga hodi mlangoni kwangu. Baba yako alikuwa amekaa kitini amevaa koti, eti mtu hahesabiwi na serikali akiwa na fulana. Nikamwuliza, "Mkuu wa kaya, jina lako kamili?" Akasema, "Leo umenisahau?" Tulicheka mpaka nikafuta machozi kwa pembe ya khanga. Nikamwandika yeye, nikajiandika mimi, nikamwandika bibi, nikashuka kwa watoto mmoja mmoja mpaka wa sita.

Ulikuwa na miezi mitatu, na hiyo ilikuwa siku ya tatu una homa, hunyonyi. Bibi yako alikuwa amekubeba mgongoni, amekufunika kitenge mpaka utosini. Akatoka chumbani, akapita katikati yetu, akasimama kwenye mlango wa kutokea kibanjani. Hakunikataza. Alisema tu, "Huyu bado mgeni. Mgeni haandikwi." Akaingia migombani na wewe.

Kanuni nilikuwa naijua, tulifundishwa siku nyingi. Aliyelala ndani ya nyumba usiku wa kuamkia siku ya sensa anaandikwa, hata kama ana siku moja duniani, hata kama ni mpita njia aliyeomba malazi. Hata mgeni anaandikwa, Alinda. Hicho ndicho kitu cha kwanza walichotufundisha. Baba yako alinitazama. Penseli ya serikali ilikuwa mkononi mwangu. Nikapiga mstari chini ya jina la sita, nikafunga dodoso.

Homa yako ilishuka jioni ile.

Najua utakachosema. Mfano mmoja hauthibitishi kitu, mwanafunzi wa darasa la tano analijua hilo, na wengi wao nimewafundisha mimi. Lakini mwanafunzi wa darasa la tano hajawahi kumshika mtoto wake anayenyonya tena baada ya siku tatu. Nilikaa nimekushika nikajua kwamba sitakuhesabu kamwe. Sikuliamini, na nililitii. Sijui kama huko uendako kuna somo la namna hiyo.

Kosa lingebaki moja, ningesema ni moja. Lakini bibi yako alikuwa mtu wa kunyamazia mabaya, mazuri yalimshinda. Kufika asubuhi, kisimani kote wameshajua kwamba mwalimu hakumwandika wake na homa imekwenda. Nikaingia nyumba ya kwanza siku hiyo, mama ana kichanga kifuani, ananyonyesha mbele yangu. Nikauliza, "Na huyu?" Akanitazama machoni. "Huyu bado mgeni, mwalimu." Ningesema nini? Nimsomee sheria niliyoivunja jana yake? Nikaandika alivyotaka. Nyumba ya pili ikawa hivyo, ya tatu hivyo. Mwishoni sikuwa nauliza tena. Nilipita na penseli yangu kana kwamba watoto wale hawapo, na mama zao wananishukuru, wengine wananifungia ndizi za kwenda nazo nyumbani. Nilizila.

Miaka miwili baadaye ikaja kampeni ya chanjo ya surua. Dawa ililetwa kwa hesabu ya sensa ile. Foleni ilikuwa bado ndefu chupa zilipoisha, na yule muuguzi akageuza karatasi zake, akasema mbele yangu, "Mbona hapa wameandika watoto wachache kuliko hawa?" Wewe ulikuwa umeshachanjwa, mtoto wa mwalimu huwa mbele. Mama Deus, jirani yetu, alikuwa nyuma. Deus alikuwa mmoja wa wale wageni wangu. Waliambiwa warudi wiki inayofuata, na kabla ya wiki hiyo surua ikawa imeingia, na jicho la kushoto la rafiki yako unalijua lilivyo.

Najua dawa huisha kwa sababu nyingi. Huenda katoni moja iliachwa njiani, huenda watu wa vijiji vingine walijipenyeza. Nimejiambia yote hayo. Lakini Deus akinipa shikamoo kutoka kwenye banda lake la baiskeli, mimi huitikia marahaba nikitazama jicho la kulia. Nimefanya hivyo miaka na miaka. Naona aibu, na aibu yenyewe haipungui kwa kuizoea.

Sensa iliyofuata ulikuwa na miaka kumi. Alikuja karani mwingine, bibi yako alikuwa haoni tena vizuri, ukaandikwa, na wageni wenzako wote wakaandikwa. Sasa wewe piga hesabu. Wa mwanzo waliandikwa wachache kuliko ukweli, wa pili waliandikwa kama walivyo. Tofauti inatoka kubwa kuliko ilivyokuwa. Kwenye karatasi za serikali wewe na Deus mlizaliwa mkiwa na miaka kumi, mnavaa kaptura za shule.

Akaja bwana mmoja wa serikali kutusomea matokeo kwenye mkutano wa kijiji. Alikuwa na karatasi na alikuwa na hasira. Akasema kasi ya ongezeko letu inatisha, kwamba akina mama wa hapa wanazaa bila kutazama mbele, kwamba akipiga makadirio anaona watoto wamesimama juu ya migomba kwa kukosa pa kukaa. Wanaume wakainamisha vichwa. Wanawake wakaanza kunitazama, mmoja, mwingine, mwingine. Mama Deus akasimama. "Mwalimu, si wewe ndiye unayejua hesabu? Hebu mweleze huyu bwana habari za wageni wetu."

Yule bwana akauliza, "Wageni gani?"

Nilikuwa mstari wa mbele. Ningesimama nikasema maneno matatu tu, wanawake wote wale wangetoka pale wameinua uso. Nilifikiria kazi yangu, nilifikiria jicho la Deus, nilifikiria wewe uliyekuwa umekaa kwenye ukuta na wenzako mnakula miwa. Nikasema, "Tutajirekebisha, mheshimiwa." Mama Deus akakaa. Kuanzia siku hiyo hajawahi kuniomba hata chumvi, na nyumba zetu zinatazamana.

Kwa hiyo huko uendako, ukikuta mahali ambapo mstari unaruka ghafla, kabla hujasema watu wa pale ni wazembe, niwazie mimi nimekaa na penseli.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka Kituntu, ulipokuwa karani na kile kishikwambi chako? Ulitusimulia habari za bibi mmoja aliyekukatalia. Kila ukimwuliza wajukuu wangapi walilala humu, yeye anakujibu, "Tupo tu, baba." Ukakizima kishikwambi, ukamsaidia kumenya ndizi, kisha ukaanza kumwuliza majina. Yule aliyekaa pale anaitwa nani? Na anayelia ndani je? Bibi akakutajia wote kwa raha, mpaka na sababu za majina. Ukasema, "Sikumwuliza wangapi hata mara moja, mama. Nilihesabu mwenyewe." Faustine alicheka, baba yako, Mungu amrehemu, alicheka. Mimi nilikwenda jikoni. Ulikuwa umefanya kwa mchana mmoja, ukiwa na miaka ishirini, kitu kilichonishinda mimi nikiwa mtu mzima na cheti ukutani. Nilijivunia wewe, na nilikuwa na wivu. Vyote viwili.

Ungedhani mtu aliyepita humo hawezi kurudia. Nilirudia mwezi uliopita.

Wazee wa ukoo walikaa hapa sebuleni, wewe ukiwa bado unajitolea shuleni Kituntu, kugawa kibanja cha marehemu. Baba yako mdogo akaniuliza, "Mama Jovin, wana wa kaka yangu ni akina nani?" Dada zako hakuna aliyewauliza, na mimi pia sikuuliza, hilo nalo niandikie. Nikasema: Jovin. Respicius. Faustine. Nikaishia hapo. Baba yako mdogo alisubiri. Alinitazama muda mrefu kuliko adabu. Nikasema, "Alinda ana shule." Akasema, "Shule si kibanja, mama." Nikasema, "Andikeni."

Sasa nikwambie kwa nini, na usinisaidie kunitafutia sababu nzuri. Wiki nzima kabla ya kikao nilikuwa nakipima kibanja kwa hatua. Nilihesabu migomba iliyobaki baada ya mnyauko, nikatoa sehemu ya kahawa. Nikigawa kwa watatu, kila mmoja anaweza kulisha nyumba yake kwa shida. Nikigawa kwa wanne, hakuna anayeweza. Nikaenda mbele zaidi, nikagawa kwa watoto wa Jovin, nikagawa kwa watoto watakaozaliwa na watoto hao, mpaka nikafika mahali mjukuu anarithi mstari mmoja wa migomba na kaburi. Zilikuwa nukta kama zako, ila sikuzichora. Zikanitisha. Nikatazama ni nani ana njia nyingine ya kuishi, nikamwona ni wewe. Mwenye njia nyingine ndiye hupunguzwa. Ndivyo wazazi tunavyofanya, na huwa tunaita busara.

Hesabu yenyewe ilikuwa sawa, naweza kuirudia mbele ya mkaguzi. Kosa ni kwamba niliyemtoa hakuwepo kujibu. Na kuna jambo la pili ambalo sikulisema kwa wazee. Walipokuwa wanasubiri jina la nne, mdomo wangu ulikataa. Sijawahi kukutaja katika hesabu yoyote tangu ile homa. Watu wakiniuliza nina watoto wangapi, hujawahi kushangaa kwamba nawajibu "Wapo wapo"? Sijui ni lipi lilikuwa kubwa siku ile, migomba au woga. Nikikuambia najua, nitakuwa nakudanganya.

Ndiyo maana Jumapili nilikuambia ule. Uliniuliza swali ambalo nimelikimbia tangu una miezi mitatu.

Leo asubuhi ulipopanda pikipiki kwenda Kayanga, nilivuka barabara kwenda kwa Mama Deus. Nilibisha hodi, akatoka na ufagio. Nikamwambia yote, ya penseli, ya foleni, ya mkutano. Nilisimama uani kwake, hakunikaribisha ndani, na nisingeingia. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Haya yote nilikuwa nayajua, mwalimu. Nilikuwa nasubiri uyaseme." Kisha akauliza nataka nini. Nikamwambia nataka shahidi. Akatazama ule ufagio. "Umechelewa," akasema. "Twende."

Unajua kipande kilichobaki kwa jina langu, nyuma ya jiko, chenye mibuni ya bibi. Kilikuwa changu mpaka nife, kisha kaka zako wagawane. Nimekikata. Faustine ndiye aliyechimba mashimo. Matawi ya mlamula tuliyatoa kwenye mpaka wa zamani aliopanda babu yako, tukayachomeka manne, moja kila pembe, na balozi wa nyumba kumi amesimama pale na mwavuli, na Mama Deus. Kipande chako kimeanzia kwenye makaburi ya Koleta na Gaudensi, kikaishia kwenye mfereji. Ni kidogo. Ukilala chini mara kumi umekimaliza. Hakitakulisha wala hakitamlisha mtu, na makadirio yako hakiyabadilishi hata kwa nukta moja. Nilijua hivyo nikichomeka.

Respicius nimempigia simu, akasema sawa, mama, kwa sauti ya mtu anayetaka kukata simu. Jovin alikuja. Alisimama kule barabarani, hakuvuka. Akasema kwa sauti ambayo balozi aliisikia, "Mama, umenipunguzia wanangu." Ni kweli, nimewapunguzia. Akasema atawaita wazee. Huenda wakaja Jumanne, huenda wakasema mwanamke hana mamlaka ya kupanda mpaka, huenda mambo yakawa makubwa. Lakini kung'oa mlamula uliopandwa mbele ya mashahidi, Jovin anajua ni kitu gani, na wazee wanajua. Atakuja akasirike uani kwangu. Nitampikia. Ndiye aliyenifanya niitwe mama, sitamkosea kwa kukurekebishia wewe, na sijui bado nitafanyaje vyote viwili.

Usimchukie. Kama kuna wa kumchukia ni aliyeshika penseli.

Mvua imepungua. Pikipiki nimesikia moja, haikuwa yako. Niseme lililobaki kabla hujafika, maana ukiingia sitaweza.

Uliniuliza wewe ni wa ngapi hapa. Nitafanya kama ulivyofanya kwa yule bibi wa Kituntu, nitaanza na majina.

Jovin. Editha. Respicius. Anatolia. Koleta. Faustine. Winifrida. Gaudensi. Alinda.

Wa tisa kuzaliwa. Wa saba kubaki. Nina watoto saba, Alinda, na wewe ni wa saba. Nimesema kwa sauti humu ndani nikiwa peke yangu, na sasa naandika kwa kalamu ya wino, isifutike. Ile kalenda yako pia nimeirekebisha. Kwenye sensa ya mwaka uliozaliwa nimeinua mstari kwa nukta moja ndogo sana, mwenyewe utahitaji miwani kuiona.

Nina vyeti viwili vya kustaafu ukutani na bado naogopa, kwa sababu ya mwanamke aliyekufa miaka mingi iliyopita, aliyekuwa hajui kusoma. Kama alikuwa sahihi, mimi leo nimewaponza wanangu kwa mara ya pili. Kama alikosea, hakuna hesabu itakayonionyesha isipokuwa wewe mwenyewe. Hukuzaliwa mgeni hapa. Ni mimi niliyekufanya hivyo kwa kuogopa kukupoteza, na angalia, nimekaribia kukupoteza kwa hilo hilo.

Chuo kikifungwa, njoo. Sikuombi unisamehe, naomba uje kwa miguu yako, upitie nyuma ya jiko, utazame kama mlamula wako umeshika. Nitakuwa mlangoni. Nitawahesabu wote kwa sauti, Jovin akisikia, na nikifika saba uitike.

Mama yako